Sampuli za Kuivika Nyumba ya Shangazi

Mnyuzi
9 Juni 2024

Mwanangu Kasmiri,

Mimi mzima, mbuzi wazima, na jirani yangu Mama Tatu mzima isipokuwa magoti yake, ambayo anayalalamikia tangu mwaka tuliowekewa umeme. Mahindi ya upande wa reli yamekubali, ya bondeni yamekataa. Msalimie Asnath mkeo, na mwambie Edna picha aliyonichorea nimeipata, ingawa amenichora nina ndevu.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Simu ni ya kuulizana hali. Jambo zito linaandikwa. Nilikuwa karani wa kupokea mkonge shambani kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyenigeuzia maneno, kwa sababu yalikuwa kwenye karatasi. Mwanangu Nicolaus hunipigia kila Jumapili, na kila Jumapili hunikumbusha jambo tulilokubaliana wiki iliyopita ambalo mimi sikulikubali.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya Pentekoste Nicolaus aliitisha kikao cha ukoo hapa kwangu. Walikuja watu tisa. Wewe ulisema una homa. Niliwakalisha uani chini ya turubai, nikawaambia ndani kuna siafu. Wakaamua kwamba nyumba yangu ya miti na udongo haitaivuka vuli, na kwamba nihamie Korogwe mjini nikakae kwake. Nikauliza: je, ikivikwa mbao kwa nje, pande zote nne, mvua isiguse udongo? Wakacheka mpaka Nicolaus akamwaga chai. Akasema, "Sawa Mama. Ikivikwa mbao pande zote kabla ya Krismasi, kaa. Isipovikwa, tarehe ishirini na sita nakuja na gari kukuchukua wewe na vitu vyako." Katibu nilikuwa mimi. Nimeandika muhtasari, wote tisa wametia sahihi, na Nicolaus kwa madaha ametia mara mbili.

Sitaki kuhama, Kasmiri. Usiniulize sababu.

Wewe ni fundi seremala, na mimi ndiye niliyekulea tangu mama yako alipotuacha ukiwa na miaka minne. Nivikie nyumba. Vipimo ni hivi: mbele futi ishirini, kulia futi kumi na nne, kushoto futi kumi na nne, kwenda juu futi saba.

Shangazi yako,
Efrazia


Mkata
7 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Asnath anauza maandazi pale mabasi yanaposimama, na Edna amekuwa wa nne darasani, anasema angekuwa wa tatu kama yule wa tatu asingekuwepo. Barua yako imechelewa kunifikia. Konda alimkabidhi muuza machungwa aniletee, machungwa yakaisha, yule bwana akahamia Segera na barua yangu mfukoni.

Nimefurahi sana kusikia habari ya nyumba. Lakini kuvika nyumba mbao si kama kufunika sufuria. Zipo aina, na ukikosea aina umekosea nyumba. Ya kwanza ni mbao za kulaliana. Hizi zinapigiliwa kwa ulalo kuanzia chini kwenda juu, kila moja inaikalia mwenzake kidogo, maji yanateremka bila kupata pa kuingilia. Nakutumia sampuli, kipande cha futi moja cha mkaratusi. Kiangalie taratibu, usiwe na haraka. Kuna watu wamekaa mwaka mzima wakichagua, na leo nyumba zao ni nzuri.

Kaka Nicolaus alipita hapa na pikapu. Anajenga nyumba mpya na amenipa kazi ya milango yote, kumi na miwili. Ameshusha na mbao zake mwenyewe, mtiki mtupu, nzuri mpaka nimezifunika kwa shuka. Tuliongea na mengine, ya kawaida tu.

Halafu Shangazi, umenipa vipimo vya pande tatu. Nyuma je?

Mwanao,
Kasmiri


Mnyuzi
14 Julai 2024

Kasmiri,

Marahaba. Hongera kwa Edna. Mbuzi mweupe amezaa pacha, na Mama Tatu anadai mmoja ni wake kwa sababu alikuwepo.

Kipande nimekipata, nimekigeuza huku na huku. Kwa kipande cha futi moja naweza kujua mbao inanukaje; inavyolala siwezi kujua. Umesema zinalaliana. Hii italalia nini, na iko peke yake? Tuma mbao kamili, futi kumi kumi, na zisipungue ishirini, tuone tabia yao zikiwa kundi. Sikuwahi kupokea mkonge kwa kuonyeshwa unyuzi mmoja. Hicho kifupi Mama Tatu anakatia bamia.

Umeniambia nisiwe na haraka. Mwanangu, nina miaka sabini na nne.

Nicolaus naye ameniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kuchagua mbao ni kazi ya muda mrefu. Nimefurahi kuona siku hizi mnazungumza sana, zamani mlikuwa hamsalimiani mpaka Krismasi.

Nyuma upepo ni mzuri mwaka huu.

Shangazi yako,
Efrazia


Mkata
18 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa tena, naomba radhi. Asnath aliungua mkono kwa mafuta ya maandazi, sasa amepona, lakini anasema hatasahau na mimi nisisahau.

Ishirini ni nyingi kwa sampuli. Kwa desturi ya ufundi sampuli ni moja. Nilikaa na barua yako wiki nzima nikitafuta namna ya kukukatalia, nikaishia kuzipasua. Ni mkaratusi wote. Nimezipiga randa uso mmoja tu, kwa sababu mbao za nje uso wa ndani hauonwi na mtu, na nimezipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Zimepanda basi la leo mpaka stendi ya Korogwe.

Lakini usichague bado! Ipo aina ya pili, mbao za kusimama. Hizo zinapigiliwa wima, moja kando ya nyingine, na kila penye maungio juu yake inakuja papi nyembamba kufunika ule mwanya. Ni nyumba za heshima hizo. Mtu akiona papi anajua fundi alikuwepo. Fikiria kwanza hiyo, fikiria hata mwezi mzima. Mvua bado ziko mbali.

Na upepo wa nyuma nimeusikia, lakini mimi niliuliza futi.

Mwanao,
Kasmiri


Mnyuzi
1 Septemba 2024

Kasmiri,

Marahaba. Mwambie Asnath apake asali.

Mbao zimefika zote ishirini. Muhidini wa bodaboda alizifuata stendi kwa safari nne. Safari ya kwanza alizifunga kwa upana, zikatokeza huku na huku, ikambidi aendeshe katikati ya barabara polepole na magari yote yakamfuata nyuma. Watu wakadhani ni maandamano. Wengine wakajiunga. Walifika hapa watu kumi na saba wakiniuliza tunadai nini, nikawapa kazi ya kushusha.

Nimezifanyia mtihani kama inavyopasa. Moja nimeilaza juu ya kichuguu siku tano. Mchwa walikuja wakaonja pale ambapo oili haikufika, wakaondoka, wakarudi na wenzao, lakini penye oili hawakugusa. Moja nimempa beberu. Aliilamba, akaniangalia kama niliyemtukana, na tangu hapo haji nikimwita. Zile kumi na nane zilizobaki nimezipigilia mahali kidogo ili zisikae chini zikaliwa na unyevu. Nashika msumari, Mama Tatu anapiga nyundo. Anasema kazi ya nyundo haihusiani na magoti, kwa hiyo anaiweza.

Aina hii naelekea kuipenda. Lakini sitachagua bila kulinganisha, ndivyo ulivyonifundisha. Tuma hizo za kusimama. Thelathini, na papi zake zote, maana papi bila mbao ni fito na mbao bila papi ni aibu. Ukiwa na misumari ya nchi tatu weka kilo mbili, nataka kuona kama zinaelewana.

Wasiwasi wako usiwe Nicolaus kuja kuona. Kila mwisho wa mwezi nakwenda mwenyewe kumsalimia mjini ili asipate sababu.

Shangazi yako,
Efrazia


Mkata
29 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Edna amepoteza jino na amelizika, na anataka ukoo uarifiwe.

Thelathini zinakuja, na papi, na misumari. Mbao zangu za mkaratusi zimekwisha zote karakanani, kwa hiyo hizi si mkaratusi. Ni nzuri zaidi. Usiulize zimetoka wapi.

Shangazi, na mimi niongee kama mtoto wako. Kwa kaka Nicolaus maji yanatoka ndani ya nyumba. Kuna televisheni kubwa kama mlango. Shemeji Grasiana ni mtu mpole. Hospitali iko karibu. Kwa nini hutaki? Najua ulinikataza kuuliza.

Kama bado umeshikilia, basi huwezi kuchagua kabla hujazijua za ulimi na mfereji. Kila mbao ina ulimi ubavu mmoja na mfereji ubavu wa pili, ulimi wa hii unaingia kwenye mfereji wa ile, ukuta unakuwa kitu kimoja, hata sisimizi anatafuta mlango. Kuzichonga kunachukua muda sana. Muda mrefu mno. Na baada ya hizo kuna nyingine za kisasa kabisa, zinaitwa mbao za kupumua. Hizo hata mimi bado nazisomea, sidhani kama zitapatikana kabla ya mwakani. Watu wengi wenye busara wanazisubiri.

Mwanao,
Kasmiri


Mnyuzi
13 Oktoba 2024

Kasmiri,

Marahaba. Nimemwombea jino.

Nilikukataza kuuliza, umeuliza, sasa soma. Mwaka juzi nilipoumwa macho nilikaa kwa Nicolaus wiki mbili. Grasiana ni mkwe mwema, sina baya la kumsema. Nikishika ufagio ananipokonya. Nikitaka kumenya ndizi ananiambia, "Mama, pumzika." Nikisimama, Nicolaus anauliza nataka nini, na nikisema sitaki kitu ananikalisha. Siku ya kumi niliamka nikagundua sijafanya jambo lolote tangu nifike. Nikachukua kitambaa cha meza kilicho safi, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikakifua kwa siri. Nilikuwa nimejificha, Kasmiri, mwanamke mzima, nafua kitambaa safi. Hapa kwangu nikiamka kuna anayenihitaji, hata kama ni mbuzi. Kule nitakufa nikiwa nimepumzika. Naogopa hivyo kuliko ninavyoogopa mvua.

Basi, nimesema.

Za kusimama zimefika. Kweli si mkaratusi. Nimeziangalia uso wa mbele na uso wa nyuma, nikanyamaza. Zimepata mahali pa kukaa, papi zimezipendeza sana.

Shida ni kwamba sasa watu wananifuata. Juzi amekuja bwana mmoja kutoka Mashewa akitaka kununua mbao. Nikamwambia hizi ni sampuli. Akauliza sampuli ni bei gani. Nikamwambia haziuzwi, nachagua. Akakaa hapa mpaka jioni akinisaidia kuchagua, akapiga misumari arobaini, akaondoka ameridhika.

Tuma za ulimi na mfereji, ishirini na tano. Na hizo za kupumua nataka nizione. Kama wenye busara wanazisubiri basi nami nimo. Sita zitatosha. Najua ni ngumu kupatikana, ila wewe ni fundi.

Vuli imeanza kunyunyiza.

Shangazi yako,
Efrazia


Mkata
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Umepata za ulimi na mfereji, Muhidini amenithibitishia. Na umepata sita za kupumua. Nilizitoboa matundu usiku na mchana, Asnath akiniuliza kama nimerukwa na akili.

Sasa zimekwisha. Aina zimekwisha, hakuna nyingine duniani. Kaka Nicolaus amenipigia. Amesikia kuna mbao zinashushwa stendi kwa jina lako, na amesema nisitume tena hata kijiti. Krismasi si mbali, akaongeza, na anataka kuja kuangalia milango yake imefikia wapi. Milango haijafikia popote.

Sitaki kuongeza maneno. Naomba unijibu jambo moja tu, Shangazi, kwa sababu usingizi sipati. Ukuta wa nyuma upo?

Kasmiri


Mnyuzi
15 Novemba 2024

Kasmiri,

Haupo.

Ulianguka tarehe tatu Mei, wakati wa masika, saa nne asubuhi, nikiwa nachagua mchele. Nguzo na fito zimesimama, udongo wote umelala chini. Siku ya kikao nilivua turubai pale nyuma nikawatandia wageni juu ya vichwa uani, na walipoondoka nikalirudisha. Siafu hawakuwepo. Sikumwambia mtu isipokuwa Mama Tatu. Niliona aibu, mtu kukaa kwenye nyumba ya kuta tatu na kubishana na ukoo.

Sasa mbele nimevika, kulia nimevika, kushoto nimevika. Umebaki huo, futi ishirini kwa saba. Mvua ya juzi ilinilowesha godoro.

Sina tena cha kulinganisha. Siombi sampuli, naomba mbao.

Efrazia


Mkata
8 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe. Barua hii inakuja na mzigo. Mbao ishirini na tatu, na mabanzi kumi na mawili. Mabanzi ni yale mapande ya kwanza ya gogo, yenye magome upande mmoja. Watu wanayajengea vibanda vya mkaa, lakini yakipigiliwa vizuri mvua haipiti. Sina kingine. Nimefagia karakana mpaka unga wa mbao.

Sasa niseme. Ile siku kaka Nicolaus alipokuja na pikapu, mwezi wa sita, aliniambia nikikuchelewesha mpaka Krismasi kazi ya milango ni yangu, na ya madirisha pia. Alisema ni kwa faida yako, nami nikajiambia ni kwa faida yako. Ndiyo maana kila barua ilikuwa na aina mpya. Nilikuwa nakuzungusha. Mbao za kupumua hazipo, Shangazi, nilizibuni nikiwa nasubiri ugali. Ulipozidai ikabidi nizitengeneze, nikiwa natoboa yale matundu nalia, Asnath akadhani ni vumbi.

Na jambo la pili ni baya zaidi. Mkaratusi wangu uliisha kwenye zile ishirini za kwanza. Kuanzia za kusimama mpaka hizi za leo, yote hiyo ni mitiki ya kaka, ya milango yake. Nilianza na mbao tano nikasema nitazirudisha. Halafu ulipoandika habari ya kitambaa cha meza, nikaenda nikavuta shuka lote.

Ulinishonea kaptura ya kwanza ya shule kwa mkono, taa ikiwa imeisha mafuta. Mimi nimekufanyia hivi. Sikuja mwenyewe miezi yote hii kwa sababu nisingeweza kukutazama usoni. Kazi ya milango nimeipoteza, hilo najua, na kaka akinipeleka popote nitakwenda. Wahi tu kupigilia.

Mwanao, kama bado,
Kasmiri


Mnyuzi
29 Desemba 2024

Mwanangu Kasmiri,

Marahaba. Bado.

Sisi wazima. Mama Tatu ana malengelenge mkononi na anayaonyesha kwa kila anayepita. Krismasi tulikula jogoo, yeye akaleta pilau ingawa si sikukuu yake, akasema ni posho ya fundi.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Kwamba unanizungusha nilijua tangu barua yako ya kwanza. Hakuna fundi anayemwambia mteja achague mwaka mzima. Ningekwambia nimejua ungeona haya ukaacha kutuma, nami nilihitaji mbao. Kwa hiyo na mimi nilikuzungusha, tumekwenda sawa. Umekosa, nimekusamehe, usilie tena kwenye kazi, utajikata.

Mzigo wa mwisho ulifika tarehe kumi na mbili. Tulianza siku hiyo hiyo. Mabanzi yamekaa chini, mitiki juu yake, na zile sita za kupumua nimeziweka upande wa jikoni. Moshi unatoka kwa raha ambayo sijaipata tangu niolewe. Katika aina zote ulizonitumia, ile uliyoibuni ndiyo bora. Tulipigilia msumari wa mwisho tarehe ishirini na nne saa kumi jioni. Mama Tatu akapiga vigelegele, beberu akakimbia.

Tarehe ishirini na sita wakaja, Nicolaus, Grasiana, na Baba Mdogo Simeo kama shahidi, na gari la mizigo tupu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na muhtasari wangu mapajani. Walizunguka nyumba mara tatu. Mbele za kulaliana, kushoto za kusimama na papi, kulia za ulimi na mfereji, nyuma kila kitu. Simeo akasema hajapata kuona nyumba iliyovaa kama watu wanne waliokopeshana nguo. Nicolaus akasoma muhtasari, akasoma tena, akatafuta mahali palipoandikwa mbao ziwe za namna moja. Hapakuandikwa.

Akaanza kusema habari ya usalama, na mvua ikamkatiza. Ilikuwa mvua ya kweli, Kasmiri. Tuliingia ndani wote tukakaa tukiutazama ukuta wa nyuma, mimi nikiwa nimebana roho kuliko wao. Haikupita hata tone. Gari likazama kwenye matope mpaka bodi, ikabidi walale. Nikampa Nicolaus chumba changu cha nyuma, mimi na Grasiana tukalala sebuleni. Grasiana alitaka kunisaidia kupika, nikamwachia amenye mihogo yote peke yake, na alifurahi kama mtoto. Akamenya huku tukiongea. Sijawahi kuongea naye hivyo kule kwake.

Sasa sikiliza ambalo hukulifikiria, kwa kuwa wewe hupiga randa uso mmoja ukisema wa ndani hauonwi na mtu. Nicolaus hawaamini mafundi. Kila mbao aliyokuletea aliiandika jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, NICOLAUS, ili usibadilishe na nyingine. Jina hilo liko uso wa ndani. Nililiona mwezi wa kumi nilipogeuza mbao ya kwanza, nikajua ni za nani. Ukuta wa nyuma hauna udongo, kwa hiyo mle chumbani kwangu jina linasomeka lote, kutoka chini mpaka juu.

Asubuhi kulipokucha alikawia kutoka. Nilipeleka chai nikamkuta amekaa kitandani, anahesabu kwa kidole. Alifika ishirini na tatu.

"Mama," akasema, "hizi ni mbao za milango yangu."

Nikasema ndiyo.

"Na za pembeni huko nje?"

Nikasema nazo, ila zile za mbele ni za Kasmiri.

"Kwa hiyo nyumba yangu haina milango."

Nikamwambia haina, na kwamba utamtengenezea upya kwa mbao zako mwenyewe hata ikikuchukua miaka miwili, hilo nimemwahidi mimi kwa niaba yako, na usinitie aibu. Nilidhani atafoka. Alikuwa akiupapasa ukuta, na nikaona kidevu chake kinatetemeka kama alipokuwa mdogo akijikaza asilie. Kisha akanitazama.

"Kumbe nimekujengea nyumba, Mama."

Nikamwambia, ndiyo mwanangu, na ahsante sana.

Shangazi yako,
Efrazia